Damu ya Kupimia TB Iliyolala Haitaki Barafu

SOMO LA AFYA
Na Mganga Msaidizi wa Zahanati

Mkulima wa pamba hapa kwetu Kanda ya Ziwa hakubali pamba yake ipimwe ovyo. Kabla mzigo haujapandishwa, yeye hutazama kwanza mshale wa mizani. Je, umesimama kwenye sifuri? Kama haujasimama kwenye sifuri, mkulima hugoma. Anajua kwamba mizani mbovu itamwibia jasho la mwaka mzima.

Vipimo vya hospitali navyo ni mizani. Vinapima damu, makohozi, mkojo na choo. Navyo vinaweza kuwa vibovu au kutumiwa vibaya. Tofauti ni moja tu. Mizani mbovu ya pamba hukuibia fedha, bali kipimo kibovu cha damu kinaweza kukuibia afya.

Leo tutajifunza juu ya kipimo cha damu cha kutafuta TB iliyolala. Tutaona jinsi kinavyofanya kazi, na jinsi kinavyoharibika. Nitakueleza pia kosa nililofanya mimi mwenyewe mwaka jana. Sioni aibu kulieleza, kwa sababu kosa likielezwa linakuwa somo.

TB ILIYOLALA NI NINI?

TB, au kifua kikuu, huletwa na vijidudu. Vijidudu hivyo ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Mtaalamu wa Ujerumani, Robert Koch, ndiye aliyetangaza kwamba amevigundua, tarehe 24 Machi 1882. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, vijidudu hutoka na kuelea hewani. Mtu mwingine akivuta hewa ile, vijidudu vinaweza kuingia katika mapafu yake.

Lakini si kila aliyeingiwa na vijidudu huugua. Mwili una askari wake. Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Mara nyingi huvizunguka vijidudu na kuvifunga mahali pamoja. Vijidudu haviondoki, ila vinalala. Hiyo ndiyo TB iliyolala.

Mtu mwenye TB iliyolala hakohoi kwa sababu yake. Hana homa. Analima, anakula, anacheza ngoma. Hamwambukizi mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameingiwa na vijidudu hivi.

Basi tuna haja gani ya kuvitafuta? Haja ni hii: vilivyolala vinaweza kuamka. Kati ya watu 100 wenye TB iliyolala, watu 5 hadi 10 huja kuugua wakati fulani katika maisha yao. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto mdogo, kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, na kwa mtu aliyeambukizwa karibuni. Zipo dawa za kuvimaliza vijidudu kabla havijaamka. Ndiyo maana tunavitafuta.

KIPIMO HIKI KINAFANYAJE KAZI?

Tangu zamani kiko kipimo cha ngozi. Mtu huchomwa sindano ndogo katika ngozi ya mkono, naye hurudi baada ya siku 2 au 3 ili uvimbe upimwe kwa rula. Kipimo hicho kina taabu mbili. Kwanza, wengine hawarudi. Pili, chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu huchanjwa wakizaliwa, inaweza kufanya mkono uvimbe hata kama hakuna vijidudu vya TB.

Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG. Tena wafugaji watafurahi kusikia kwamba kipimo hiki kilianzia kwa ng'ombe. Ng'ombe naye hupata TB, na ndiyo maana tunasisitiza kuchemsha maziwa. Wataalamu wa Australia walitengeneza kipimo cha damu cha kutambua ng'ombe wenye TB mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye njia hiyo ikatengenezwa kwa ajili ya binadamu.

Sasa fikiri juu ya sungusungu wa kijiji chetu. Sungusungu aliyewahi kupambana na mwizi fulani anamkumbuka. Akiiona sura yake tena, anapiga kelele mara moja. Askari wa damu nao wako hivyo. Wakishapambana na vijidudu vya TB, wanavikumbuka. Wakionyeshwa tena sehemu ya vijidudu hivyo, wanapiga kelele. Kelele yao ni kemikali iitwayo intaferoni gama. Mashine ya maabara huipima kelele hiyo.

Kipimo kinachotumika sana kina vichupa 4. Kila kichupa hupokea damu mililita 1. Vyote pamoja ni mililita 4. Damu hiyo haijazi hata kijiko cha chai. Anayesema kwamba tunakamua damu ya watu na kuiuza, mwonyeshe kijiko.

Kichupa cha kwanza hakina kitu cha kuwaamsha askari. Hiki ndicho sifuri ya mizani yetu. Askari wanapaswa kuwa kimya. Wakipiga kelele sana humu, basi wanapiga kelele bila kuona mwizi, na jibu haliwezi kuaminiwa.

Kichupa cha pili na cha tatu vimepakwa ndani protini zinazofanana na za vijidudu vya TB. Hii ni sura ya mwizi. Askari wanaomjua watapiga kelele. Wasiomjua watanyamaza. Hakuna kijidudu kizima humo, na wala hakuna kitu kinachoingizwa katika mwili wako. Damu ndiyo inayotoka.

Kichupa cha nne kina mitojeni. Hiki ni kitu kinachowaamsha askari wote, wamjue mwizi au wasimjue. Ni kama kupiga yowe usiku. Yowe likilia, kila sungusungu mzima lazima atoke. Kama hatoki hata mmoja, maana yake ni nini? Maana yake walinzi ni wagonjwa, au wamekufa. Basi ukimya wao katika kichupa cha pili na cha tatu hauna maana yoyote. Hawakunyamaza kwa sababu hakuna mwizi. Walinyamaza kwa sababu hawawezi kusema.

Ndugu msomaji, shika jambo hili. Askari hawa lazima wafike maabara wakiwa hai.

KOSA LANGU

Mwaka jana, wakati wa palizi, watafiti walikuja kijijini kwetu. Walitaka kupima watu wanaoishi nyumba moja na wagonjwa wa TB. Waliomba ruhusa ya serikali ya kijiji, na kila mtu aliombwa ridhaa yake. Walinifundisha kazi kwa siku moja, kisha wakaniachia vichupa.

Asubuhi moja nilichukua damu ya watu 12. Jua lilikuwa kali. Paa la zahanati yetu ni la bati. Nilitazama vile vichupa nikaona vitaharibika kwa joto. Mimi nimezoea kazi ya chanjo, na katika chanjo tunafundishwa kila siku: baridi, baridi, baridi. Basi nikavichukua vichupa vyote nikavitia katika sanduku la baridi la chanjo, pamoja na barafu. Nilijiona nimefanya kazi nzuri sana. Nikaandika katika daftari: "Vimewekwa kwenye sanduku la barafu saa 4 asubuhi."

Kumbe niliwagandisha askari. Chanjo inataka baridi. Damu iliyokwisha kutiwa katika vichupa hivi haitaki barafu wala friji. Baridi huwadhoofisha askari, wakashindwa kupiga kelele hata wakimwona mwizi.

Siku chache baadaye mtaalamu wa maabara alinipigia simu. Watu 5 kati ya 12 walikuwa na jibu lisilosomeka. Katika kichupa cha nne askari wao hawakuitikia yowe. Watu wengine 7 waliandikwa "hakuna". Akaniuliza, "Hebu soma daftari lako. Damu hii ulitunzaje?" Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Tupa majibu yote 12. Hata hao 7."

Niliumia. Nilimwambia kwamba hao 7 wana majibu. Akanijibu, "Hayo si majibu. Askari wao waliitikia yowe kidogo tu, wakavuka mstari. Kama walilala kwenye barafu, tutajuaje kwamba walimtafuta mwizi sawasawa?"

Kazi ngumu ikawa kurudi nyumba kwa nyumba. Katika nyumba moja anaishi mama na binti yake wa miaka 9. Babu wa mtoto huyo alikuwa anatibiwa TB, na kabla ya kutibiwa alikohoa miezi mingi akilala chumba kimoja na mjukuu. Nilimwamkia mama, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nikamweleza kwamba damu ya mtoto inatakiwa tena.

Alinitazama sana. Akasema, "Mwanangu, uliniambia mtoto hana kitu. Sasa unataka damu nyingine. Ya kwanza mliifanyia nini?"

Ningeweza kumdanganya kwamba mashine iliharibika. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikajiuliza, na mganga anayeficha kosa lake je? Nikamwambia, "Mama, damu ya kwanza niliiharibu mimi. Niliiweka kwenye barafu. Kosa si la mtoto wala si lako." Nikamweleza habari ya sungusungu na yowe, kama nilivyokueleza wewe. Hakukubali siku ile. Alikubali siku ya tatu, akaja na mtoto mwenyewe, akasimama kando yangu akitazama kila nilichofanya.

Safari hii damu haikuonja barafu. Jibu la pili la mtoto lilikuwa "ndiyo". Alikuwa ameingiwa na vijidudu. Alichunguzwa asije akawa tayari ni mgonjwa. Hakuwa na kikohozi wala homa, uzito wake ulikuwa mzuri, na picha ya kifua ilikuwa safi. Akaanzishiwa dawa za kuzuia, akazimaliza.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kama nisingeandika neno "barafu" katika daftari, jibu la kwanza lingebaki "hakuna". Mama angeamini. Mimi ningeamini. Vijidudu vingeendelea kulala ndani ya mtoto, vikingoja siku yao.

HATUA ZA KUTUNZA UBORA WA KIPIMO

Kutunza ubora wa kipimo maana yake ni kuhakikisha kila hatua, tangu mkono wa mgonjwa hadi karatasi ya majibu. Hatua zenyewe ni hizi.

1. Jina. Andika jina kwenye kichupa mbele ya mpimwaji mwenyewe. Katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo akina Masanja wanne. Andika na namba yake, na umri wake. Damu ya mtu mmoja ikipewa jina la mwingine, watu wawili wanaumia.

2. Tarehe ya vichupa. Vichupa vina tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe ikipita, visitumike.

3. Kiasi. Damu ifike kwenye alama nyeusi iliyo ubavuni mwa kichupa. Hiyo ni mililita 1. Ikipungua chini ya 0.8 au ikizidi 1.2, jibu linaweza kupotoka.

4. Kutikisa. Mara baada ya kujaza, kila kichupa kitikiswe mara 10, juu na chini, mpaka damu ipake ukuta wote wa ndani. Zile protini zimepakwa ukutani. Usipotikisa, askari hawataiona sura ya mwizi. Lakini usitikise kwa nguvu kama mtu anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu. Ukizidisha nguvu unaharibu kipimo.

5. Joto la njiani. Vichupa vikae mahali pa nyuzi joto kati ya 17 na 27. Visiwe juani, visiwe chini ya bati la moto, visiwe kwenye barafu. Katika vijiji vyetu vya joto jambo hili lataka akili. Chukua damu asubuhi mapema. Tafuta chumba chenye kivuli na hewa. Weka kipimajoto pamoja na vichupa, ukisome, uandike.

6. Saa. Damu iingie katika kabati la joto la maabara kabla ya saa 16 kupita. Damu iliyotolewa saa 2 asubuhi iwe imeingia kabla ya saa 6 usiku. Kwa hiyo andika saa ya kuchukua damu. Jua kwanza kama gari lipo, ndipo uchome sindano. Gari likiwa bovu, usichukue damu ya watu. Waambie waje siku nyingine.

7. Kabati la joto. Humo vichupa hukaa wima katika nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Hukaa saa 16 hadi 24. Vikiingia saa 10 jioni, vitatoka kesho yake kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni. Umeme ukikatika usiku, joto hushuka. Mtaalamu lazima aandike joto la kabati kila siku, na aeleze umeme ulipokatika.

8. Mashine. Kila safari mtaalamu hupima kwanza vitu ambavyo jibu lake linajulikana. Mashine ikikosea hivyo, haiwezi kuaminiwa kwa damu ya watu. Ni sawa na kuweka mizani jiwe la kilo 10 na kutazama kama itasema 10.

9. Daftari. Hii ni hatua kubwa kuliko zote. Andika ulichofanya kweli. Usiandike ulichotakiwa kufanya.

JIBU LINA MAANA GANI?

Majibu yako ya namna tatu.

"Ndiyo" maana yake askari wako wanavijua vijidudu vya TB. Kipimo hiki hakisemi kama vijidudu vimelala au vimeamka. Kwa hiyo mwenye "ndiyo" lazima achunguzwe zaidi kabla ya kupewa dawa za kuzuia. Akionekana ni mgonjwa wa TB, anahitaji matibabu kamili.

"Hakuna" maana yake askari walikuwa hai, walionyeshwa sura ya mwizi, hawakumtambua. Hata hivyo, mtu aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita anaweza kupata "hakuna", kwa sababu askari wake hawajajifunza bado. Na mwenye "hakuna" akianza kukohoa, aje apimwe kama mtu mwingine yeyote.

"Halisomeki" maana yake kipimo chenyewe kimekiri kwamba hakijui. Jibu hili si ugonjwa. Pengine damu ilitunzwa vibaya, pengine kinga ya mtu ni dhaifu. Dawa yake ni kupima tena.

Mpaka wa "ndiyo" kwa kawaida ni namba 0.35. Jibu la 0.34 na la 0.36 yanapakana kama mashamba mawili. Ukipima tena, jibu la karibu na mpaka linaweza kuvuka upande wa pili. Mganga mwenye busara hutazama namba pamoja na mtu: anaishi na nani, na afya yake ikoje.

KAMA KIPIMO HAKIPO

Vijiji vingi havina kipimo hiki. Kinahitaji umeme, mashine na fedha. Usikate tamaa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba mtoto chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa TB, na mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, wasinyimwe dawa za kuzuia kwa sababu kipimo hiki hakipo. Wakichunguzwa na kuonekana hawana dalili za TB, wanaweza kuanzishiwa dawa. Ziko za kumezwa kila siku kwa miezi 6. Ziko pia za kumezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Mganga atakuambia zipi zinakufaa.

Na mtu mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho la usiku au anayekonda, huyo asingoje kipimo cha damu. Apeleke makohozi zahanati. Matibabu ya TB katika Tanzania hutolewa bure.

WEWE UNA KAZI GANI?

Mkulima hutazama mshale wa mizani. Nawe tazama kipimo chako. Soma jina lililoandikwa kwenye kichupa. Siku hizi unajua kusoma, litumie jicho lako. Uliza, "Damu hii itafika maabara saa ngapi?" Uliza, "Jibu litarudi lini?" Ukiitwa kupimwa tena, usikasirike wala usikimbie. Kituo kinachokuita tena kinakujali. Kituo kinachoficha makosa yake ndicho cha kuogopa.

Nasi watumishi tusiwaone wenye kuuliza kuwa ni wabishi. Yule mama aliyesimama kando yangu akitazama mikono yangu ndiye aliyenisaidia kuhesabu. Nilipofika mara ya nane ya kutikisa nikataka kuacha, aliniambia, "Bado mbili, mwanangu."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. TB iliyolala na ugonjwa wa TB vinatofautianaje?
2. Kwa nini kichupa cha nne kinapigiwa "yowe"?
3. Damu imetolewa saa 3 asubuhi. Mwisho wa kuingia katika kabati la joto ni saa ngapi?
4. Kwa nini mtaalamu alitupa hata majibu 7 yaliyosema "hakuna"?
5. Katika kijiji chako, ni nani anayeishi na mgonjwa wa TB na hajachunguzwa? Mtamsaidiaje afike zahanati?